Haki Yasemwa kwa Lugha Gani?

Kuna kanuni moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria hufundishwa mapema: kutojua sheria si udhuru. Mtu aliyevunja sheria hawezi kuponyoka kwa kusema kuwa hakuijua. Katika Kenya kanuni hii imeandikwa katika kifungu cha 7 cha Sheria ya Adhabu, na nchi nyingine nyingi zina kanuni iliyo mfano wake. Sababu yake si ngumu kuiona. Lau kila mshtakiwa angeruhusiwa kujitetea kwa kusema, "Sikujua," hukumu zingekuwa adimu, na mwerevu angejitia ujinga kila alipotaka kudhulumu.

Lakini igeuze kanuni hii, msomaji, uitazame upande wake wa pili. Ikiwa sheria yamdai kila mtu aijue, je, sheria yenyewe haidaiwi kitu? Mtu akija nyumbani kwako kukudai fedha, huna budi kumwomba akuonyeshe hati ya deni. Na akikuonyesha hati iliyoandikwa kwa lugha usiyoifahamu, utamwambia akusomee na kukueleza. Hapana mwenye akili atakayekulaumu kwa ombi hilo. Basi sheria ni mdai mkubwa kuliko wadai wote. Yaweza kuchukua mali ya mtu, uhuru wake na watoto wake. Je, ni haki kumfunga mtu kwa maneno asiyoyafahamu? Na yule aliyejaliwa kuyafahamu maneno hayo, anadaiwa nini na wasioyafahamu? Maswali haya mawili ndiyo shina la insha hii.

Tuanze karibu na nyumbani. Katika kisiwa cha Mombasa, nje kidogo ya Mji wa Kale, kuna mtaa wa Tononoka. Wenyeji wanaujua kwa kiwanja chake, ambako watu wamekusanyika kwa mikutano na michezo, na kwa ukumbi wake wa jamii. Tononoka pia ina mahakama ambayo husikiliza mashauri ya watoto. Yumkini wewe unayesoma maneno haya umepita karibu na mahali hapo ukiwa na vitabu vyako kwapani, wala hukufikiri kuwa ndani yake mtu wa umri wako aweza kuwa amesimama mbele ya hakimu.

Tufanye mfano. Mvulana wa miaka 15 ametoka bara ya Kilifi kuja mjini kutafuta kazi za kubeba mizigo. Nyumbani kwao husema Kigiriama. Kiswahili chake ni cha sokoni, nacho chatosha kwa kuuliza bei na kusalimu wakubwa. Siku moja rafiki yake amwambia, "Twaa kile kikapu, ni cha mjomba wangu, ametutuma." Atwaa kikapu, na kabla hajafika mbali akamatwa. Mahakamani mashtaka yasomwa. Yameandikwa kwa Kiingereza, kisha yageuzwa kwa Kiswahili upesi upesi, na mvulana aulizwa swali ambalo kila aliyewahi kukaa katika mahakama zetu amelisikia: "Ni kweli au si kweli?"

Mvulana ajibu, "Ni kweli."

Ni kitu gani kilicho kweli? Kwake yeye ni kweli kwamba alikitwaa kikapu. Hakufundishwa kusema uongo mbele ya wakubwa. Walakini katika sheria ya Kenya kuiba si kutwaa tu. Kifungu cha 268 cha Sheria ya Adhabu chataka kwamba mtu awe ametwaa kwa hila, wala asiwe na dai la haki juu ya kitu hicho. Mvulana wetu hakuwa na hila; aliamini kwamba ametumwa na mwenye mali. Jibu lake lilikuwa la kweli, na kwa sababu ya jibu hilo la kweli yu karibu kuhesabiwa mwizi. Hakuna aliyemwonea kwa makusudi. Hakimu si katili, karani si mwongo, wala mwendesha mashtaka hakupokea rushwa. Dhuluma imepenya katika ufa mwembamba ulio kati ya neno moja na jingine.

Usidhani kwamba mahakama zenyewe hazikuiona hatari hii. Mwaka 1942 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Yonasani Egalu na wenzake, ilisema kwamba inapoelekea mtu atahukumiwa kwa kukiri kwake, yafaa aelezwe kila sehemu ya kosa, na aikubali au aikane kila sehemu. Mwaka 1973, katika shauri la Adan, mahakama ya namna hiyo ilipanga utaratibu ambao mahakama za Kenya zingali zaufuata: mshtakiwa aelezwe mashtaka na mambo yake yote ya lazima kwa lugha yake au kwa lugha anayoifahamu, majibu yake yaandikwe, ikiwezekana, kwa maneno yake mwenyewe, kisha asomewe habari ya tendo lenyewe, apewe nafasi ya kuipinga au kuongeza neno. Kwa watoto uangalifu ulizidi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza hata kutumia, juu ya mtoto, maneno ya kutiwa hatiani na kupewa adhabu kama yanavyotumiwa kwa mtu mzima. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba neno laweza kumwachia mtoto alama isiyofutika.

Basi utaratibu upo. Lakini utaratibu hauwezi kujisema wenyewe. Wahitaji mtu mwenye kujua mambo mawili pamoja: ajue kwamba hila ni sehemu ya kosa la kuiba, na ajue namna ya kumwuliza mvulana wa Kigiriama juu ya hila hiyo hata swali liingie moyoni mwake. Ajuaye la kwanza asijue la pili ni kama tabibu ajuaye dawa asiyeweza kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Ajuaye la pili asijue la kwanza atamfariji mvulana kwa maneno matamu, lakini hatamwokoa.

Hapa ndipo wengine husema, "Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni; sheria ina lugha yake." Neno hili halisimami mbele ya historia ya pwani hii. Hakimu, wakili, shahidi, dhamana, hukumu na rufani ni maneno ya Kiswahili ambayo asili yake ni Kiarabu, nayo yamekaa katika vinywa vya watu wa Mombasa tangu zamani. Makadhi walikuwa wakiamua mashauri hapa kabla ya kuja kwa utawala wa Waingereza, na baada ya mapatano ya mwaka 1895 kati ya Uingereza na Sultani wa Unguja juu ya ukanda wa pwani waliendelea kuamua. Hata leo Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 170, yatambua mahakama zao kwa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo.

Na tazama mfano wa mwanachuoni mmoja wa mji huu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 akafariki mwaka 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alikijua Kiarabu, lugha ya elimu yake, na kama angetaka heshima ya wanazuoni peke yao, lugha hiyo ingemtosha. Lakini alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akaandika Kiswahili ili mchukuzi wa bandarini na mwuza samaki waweze kusomewa na kuelewa. Elimu yake haikupungua kwa kusemwa kwa lugha ya watu. Maji hayapungui utamu kwa kutekwa na wengi.

Wengine wana hoja iliyo nzito zaidi, nayo yastahili kujibiwa kwa adabu. Wasema: hukumu za zamani ambazo mawakili hutegemea zimeandikwa kwa Kiingereza, vitabu vya sheria ni vya Kiingereza, istilahi za Kiswahili bado hazijatulia, na neno lisilotulia ni hatari mahali ambapo uhuru wa mtu wategemea neno. Haya ni kweli. Mwenye kupenda Kiswahili kwa haki hatakana. Lakini istilahi hutulia kwa kutumiwa, wala hazitulii kwa kungojwa. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Na mwaka 1968 ikatoka huko orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili. Mahakama za Mwanzo za Tanzania zimeendesha mashauri kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na wananchi wa huko hawakukosa maneno ya kudai mashamba yao. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania likapitisha sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, likibakiza nafasi ya kutumia Kiingereza pale ambapo haki yahitaji. Kazi ya kufasiri ilikuwa kubwa, nayo haikwisha kwa siku moja. Lakini mtu aliyekwisha kuanza safari yu mbele ya yule anayehesabu mawe ya njiani.

Ili usidhani kwamba jambo hili ni la Waafrika peke yao, twende mbali kidogo, mpaka nchi ndogo ya Wales iliyo magharibi ya Uingereza. Wawelisi wana lugha yao, nayo si Kiingereza wala si tawi la Kiingereza. Katika karne za kati walikuwa na sheria zilizoandikwa kwa lugha hiyo, ambazo husemwa kuwa zilikusanywa na mfalme Hywel wa karne ya 10. Mwaka 1536, katika enzi ya Henry VIII, ilitungwa sheria ya kuamuru kwamba mahakama za Wales ziendeshwe kwa Kiingereza, na kwamba mtu asiyetumia Kiingereza asipewe cheo. Kwa karne nne mkulima wa Kiwelisi aliweza kusimama mahakamani katika nchi aliyozaliwa, akahukumiwa kwa maneno aliyoyasikia kama kelele za upepo.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua, na hatua hizo zina funzo kubwa. Sheria ya mwaka 1942 ilimruhusu mtu kusema Kiwelisi mahakamani ikiwa aliona kwamba angepata hasara kwa kutumia Kiingereza. Sheria ya mwaka 1967 ilimruhusu kusema Kiwelisi ikiwa alipenda. Na sheria ya mwaka 1993 ikaweka msingi wa kuzitendea lugha hizo mbili kwa usawa katika kazi za serikali na za mahakama. Sasa pima, msomaji, tofauti iliyopo kati ya mwaka 1942 na mwaka 1967. Katika ile ya kwanza lugha ya mtu ni mkongojo: apewa kwa kuwa ni kiwete wa Kiingereza. Katika ile ya pili lugha yake ni mguu wake mwenyewe: autumia kwa kuwa ni wake, wala haulizwi sababu. La kwanza ni hisani, la pili ni haki. Leo katika vyuo vikuu vya Wales kijana aweza kuisoma sheria pamoja na lugha ya Kiwelisi, naye akitoka hapo aweza kumtetea mzee wa milimani kwa lugha ambayo mzee huyo humwombea Mungu.

Turudi kwetu tujipime kwa kipimo hicho. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu cha 49 chataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoifahamu. Kifungu cha 50 champa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Mambo haya ni mema, na watu waliteseka ili yaandikwe. Hata hivyo, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai yasema kwamba mahakama za chini zitatumia Kiingereza au Kiswahili, na kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Shauri likipanda daraja, lugha ya taifa hubaki chini ngazini, nayo huingia juu kwa kushikwa mkono na mkalimani. Twaweza kusema, basi, kwamba chini tumefika mwaka 1967 wa Wawelisi, na juu tungali katika mwaka 1942.

Simdharau mkalimani. Mkalimani mwema ni mtu wa kuheshimiwa. Abeba maneno ya watu wawili bila kumwaga. Lakini hata daraja lililo imara halimfanyi mtu wa ng'ambo kuwa jirani. Mshtakiwa anaposikia wakili wake akimtetea kwa dakika 20 kwa lugha nyingine, kisha akaambiwa kwa sentensi mbili yaliyosemwa, aweza kushinda shauri na bado akatoka mahakamani akiwa mgeni wa ushindi wake. Na haki isiyofahamika na aliyeipata ni nusu ya haki.

Sasa yanipasa kuonya juu ya kosa ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili twaelekea kulifanya. Mkumbuke yule mvulana wa Kilifi. Shida yake haikuwa Kiingereza peke yake. Kiswahili nacho kilimpiga chenga. Mbele ya mahakama za Mombasa hupita Wagiriama, Waduruma, Wadigo, Wakamba na Wasomali, na viziwi wasemao kwa ishara za mikono. Tukikiondoa Kiingereza kitini kisha tukakikalisha Kiswahili ili kiwafanyie hao yale tuliyoyalalamikia, tutakuwa tumebadili bwana bila kubadili utumwa. Hoja yetu si kwamba Kiswahili ni kitukufu kuliko lugha nyingine. Hoja yetu ni kwamba mtu anayehukumiwa ana haki ya kufahamu. Kiswahili chadai nafasi mahakamani kwa sababu chafahamiwa na wengi, na kwa sababu hiyo hiyo lazima kimpishe Mgiriama asiyekifahamu aseme chake.

Msomaji, karibu utaulizwa ungependa kusomea nini. Ukijibu, "Sheria," watu watafurahi, na jirani ataanza kukuita wakili kabla hujanunua kitabu. Ukiongeza, "Na Kiswahili pia," huenda nyuso zikabadilika. Utaambiwa kwamba Kiswahili hakina faida, kwamba unakijua tangu utotoni, kwamba muda wako utapotea. Usiwakasirikie wakubwa wanaosema hivyo. Wengi wao waliadhibiwa shuleni kwa kuisema lugha yao, na adhabu huacha kovu katika fikira. Wajibu kwa heshima kwamba kuisema lugha ni jambo moja, na kuimiliki hata uweze kuyaeleza kwayo mambo magumu bila kuyapotosha ni jambo jingine. La pili lahitaji masomo sawa na sheria yenyewe. Wala usikitupe Kiingereza. Hukumu ya mwaka 1973 niliyokutajia imeandikwa kwa Kiingereza, na bila kuisoma humo usingekuwa na silaha ya kumtetea mvulana wetu. Lugha ya pili ni mkono wa pili, na mtu mwenye mikono miwili haukati mmoja ili kuuheshimu mwingine.

Wala usingoje chuo kikuu ndipo uanze. Shika Katiba, ukitazame kifungu cha 49, kisha keti na nyanya yako ukumbini umweleze mtu aliyekamatwa ana haki gani. Ukiona anakutazama bila kuelewa, usiseme moyoni kwamba ni mzee asiyesoma. Sema, "Bado sijaijua sheria hii." Rudi, tafuta neno jingine, jaribu tena. Atakapotikisa kichwa na kusema, "Kumbe ndivyo," utakuwa umefaulu mtihani mkubwa kuliko ule wa darasani, kwa maana mtahini wako hakuwa na haja ya kukusifu.

Yule mvulana tuliyemwacha Tononoka angali amesimama katika mfano wetu, na hakimu ameshika kalamu. Neno lake, "Ni kweli," bado halijaandikwa. Kati ya ulimi wake na kalamu hiyo kuna nafasi ndogo, nayo yatosha mtu mmoja kusimama na kusema, "Mheshimiwa, tafadhali aulizwe kwanza kikapu alidhani ni cha nani." Hayo ni maneno machache, lakini hayasemwi ila na mtu aliyejifunza sheria mpaka akajua la kuuliza, na akajifunza lugha ya watu mpaka akajua namna ya kuuliza. Nafasi hiyo ni wazi. Jitayarishe kuijaza.